Kumkuza Mganga wa Kubuni: Hatua Sita za Nguvu na Nafsi

Mwaka 1968, Ursula K. Le Guin wa Marekani alichapisha riwaya ya A Wizard of Earthsea. Shujaa wake, Ged, ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont. Akiwa na miaka 12 anaita ukungu unaowapoteza wavamizi waliokuja kukiteketeza kijiji chake. Miaka michache baadaye, shuleni katika kisiwa cha Roke, anaweza hata kuita roho ya mtu aliyekufa zamani. Asichokiweza ni kuvumilia kejeli za mwanafunzi mwenzake, Jasper. Anaiita roho ile ili amkomeshe. Ufa unafunguka, kivuli kinapenya na kumrarua uso, na mkuu wa shule anakufa kwa kazi ya kuuziba ufa huo.

Ged anapanda ngazi mbili kwa pamoja. Kwenye ngazi ya nguvu ameshapita wenzake wote. Kwenye ngazi ya nafsi bado amesimama chini kabisa. Pengo lililo kati ya ngazi hizo ndilo linalozaa riwaya nzima.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeandika riwaya, hadithi fupi, tamthilia, filamu au katuni yenye mganga, mchawi, mwaguzi au kiti cha pepo. Unaeleza kwanza kwa nini mhusika wa aina hiyo anahitaji hatua za kukua, kisha namna ya kuzijenga moja baada ya nyingine.

Kwa nini hatua zinahitajika

Nguvu za ajabu zina hatari moja kubwa kwa mwandishi: zinatatua matatizo. Mhusika anayeweza kuzima moto kwa neno moja hana sababu ya kuuogopa moto, na msomaji naye hauogopi. Ukimwongezea nguvu katika kila sura, itakubidi umletee adui mkubwa zaidi katika kila sura. Mwishowe adui anatishia kuimaliza dunia, na msomaji hamhurumii tena hata mtu mmoja.

Dawa yake ni kuacha kuuliza "sasa anaweza nini?" na kuuliza "sasa anadaiwa nini?" Kila nguvu mpya ije na deni: la siri, la mwili, la undugu au la dhamiri. Mhusika anakua pale anapokubali kulilipa deni hilo mwenyewe badala ya kumtwisha mtu mwingine.

| KISANDUKU CHA 1: NAFSI TATU |
|---|
| Mwandishi wa Kiswahili ana ngazi ya ndani iliyokwisha jengwa. Walimu wa tasawufi hutaja daraja za nafsi ambazo asili yake ni Kurani: nafsi ammara, inayoamrisha maovu, nafsi lawwama, inayojilaumu, na nafsi mutmainna, iliyotulia. Katika tariqa, kama Kadiriya iliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, muridi hupita safari hiyo chini ya shehe wake. Si lazima mhusika wako awe Mwislamu. Azima mwendo wenyewe: kutaka, kujilaumu, kutulia. Kisha jiulize katika kila sura: hapa ni nafsi ipi inayoshika hatamu? |

Kabla ya kuanza: maamuzi matatu

Yaandike haya kwenye karatasi kabla ya sura ya kwanza. Ukiyaacha, utayaamua katikati ya hadithi kwa haraka, na msomaji atahisi kwamba sheria zinabadilika.

1. Chanzo. Nguvu amezirithi, amefundishwa, amepewa au amepandwa? Katika uganga wa pepo wa pwani, anayepandwa huitwa kiti. Pepo ndiye mwenye kauli anapopanda kichwani. Kiti hakui kama mwanafunzi wa vitabu. Mwanafunzi anauliza, "Nimejua kiasi gani?" Kiti anauliza, "Ninaposema, nani anasema?"
2. Bei. Nani analipa, na kwa nini? Katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, nduguze Adili waliomdhulumu wanageuzwa manyani na jini Huria, na Adili anaamriwa kuwapiga mijeledi kila usiku. Nguvu ni ya jini, lakini uchungu ni wa Adili, anayewapenda anaowapiga. Bei ya namna hiyo inabaki moyoni mwa msomaji kuliko uchovu wa mwili.
3. Mpaka. Andika mambo matatu ambayo nguvu haiwezi kamwe. Kule Roke, Ged anafundishwa kwamba kugeuza kitu kimoja ni kuitikisa mizani ya ulimwengu. Mvua iliyoitwa kisiwa kimoja inaweza kuwa ukame wa kisiwa kingine. Baada ya somo hilo, msomaji hawezi tena kuutazama uganga wowote bila kujiuliza nani ataumia ng'ambo.

Hatua ya 1: Ishara

Mhusika anagundua kwamba hayuko kama wengine. Hatua hii iwe fupi. Tukio moja linatosha, mradi liwe la nyumbani na limwache na hofu.

Katika *Akata Witch* (2011) ya Nnedi Okorafor, Sunny Nwazue, msichana anayeishi Nigeria, anatazama mwali wa mshumaa umeme ulipokatika na kuona mwisho wa dunia ndani yake. Hakuna radi wala sauti kutoka mawinguni. Mshumaa ni wa nyumbani kwao, na giza la umeme kukatika msomaji analijua.

*Kosa la kawaida:* utabiri unaomtangaza mhusika kuwa mteule tangu utotoni. Ukimwambia msomaji mapema kwamba mtoto huyu ataokoa nchi, umemwondolea mtoto haki ya kuchagua.

Hatua ya 2: Kukabidhiwa kwa mwalimu

Nguvu isiyofundishwa humdhuru mwenyewe au jirani, ndiyo maana mwalimu anahitajika. Mwalimu mzuri wa hadithi huzuia zaidi ya anavyofundisha. Ogion, mwalimu wa kwanza wa Ged, anatembea naye msituni siku nyingi akiwa kimya, na mvua inaponyesha hatamki neno la kuizuia. Anatafuta mti na kulala chini yake. Kijana anaona anapotezewa muda. Msomaji mtu mzima anaona somo.

Ili uijenge hatua hii:

1. Mpe mwalimu jambo moja analoliweza na kukataa kulitenda.
2. Mpe mwanafunzi kazi ya mikono: kuchota maji, kuchimba mizizi, kutwanga dawa, kufagia kilinge.
3. Weka onyo moja waziwazi, ambalo mwanafunzi analisikia na kulidharau.
4. Weka jambo moja ambalo mwalimu amekosea katika maisha yake. Mwalimu asiye na doa hawezi kufundisha toba.

*Kosa la kawaida:* mwalimu anayekufa katika sura ya tano ili mwanafunzi akasirike. Kifo hicho kinamzindua mhusika kwa siku mbili tatu tu, kisha kinasahaulika.

Hatua ya 3: Kutengwa na kurudi

Mwaka 1909, Arnold van Gennep alionyesha katika kitabu chake *Les rites de passage* kwamba mila za kuvusha mtu kutoka hali moja hadi nyingine zina sehemu tatu: kutengwa, kukaa kati, na kurejeshwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa jambo hilo. Anawajua wali wa jandoni na unyagoni: wanaondolewa nyumbani, wanafundishwa kwa nyimbo, mafumbo na miiko, kisha wanatolewa mbele ya watu wakiwa si watoto tena.

Sehemu ya kati ndiyo yenye utajiri. Mhusika hana jina lake la zamani wala hajapata jipya. Hana cheo, hana nguo zake, hajui atatoka lini. Hapo ndipo ujirani wa kweli unapozaliwa kati ya wanafunzi, na ndipo chuki za kweli pia zinapozaliwa.

Sunny anapoingizwa katika jamii ya Watu Chui, uso wake wa roho unajitokeza. Uso huo ni siri yake. Kuuonyesha hadharani ni sawa na kusimama uchi. Okorafor amefanya jambo la busara hapa: kuingizwa kunampa msichana nguvu na aibu kwa wakati mmoja. Tena katika jamii hiyo fedha ni vipande vya metali viitwavyo chittim, vinavyomdondokea mtu anapopata elimu au hekima. Vya shaba vina thamani kubwa kuliko vyote, na vya dhahabu ndivyo vya thamani ndogo kabisa. Kwa njia hiyo kukua kwa mhusika kunaonekana kwa macho, bila msimulizi kulazimika kusema "sasa alikuwa amekomaa."

*Angalizo:* nyimbo na mafunzo ya jando, unyago na uganga vina wenyewe, na vingi vimekusudiwa visikiwe na waliopita humo tu. Chukua muundo, ubuni maneno yako.

Hatua ya 4: Kosa

Hapa usiharakishe. Bila kosa, mhusika anabaki na nafsi inayoamrisha mpaka mwisho, na kila ushindi unaifanya iwe na kiburi zaidi. Kosa ndilo linaloivusha kwenda kwenye kujilaumu.

Kosa lenye nguvu katika hadithi lina viungo vinne:

1. Uwezo halisi. Mhusika anakosea kwa sababu anaweza. Aliyekosea kwa kutojua anastahili huruma tu. Aliyekosea akijua ana deni.
2. Kidonda cha zamani. Umaskini, uyatima, kudharauliwa, wivu. Ged ni mtoto wa kijijini kati ya vijana wa nyumba za mabwana.
3. Mtu anayekigusa kidonda. Asiwe adui mkuu wa hadithi. Mwanafunzi mwenzake, binamu au mchumba anatosha.
4. Onyo lililotangulia. Akiwa bado Gont, Ged alichokozwa na msichana mmoja, akafungua kitabu cha Ogion, na kivuli kikatokea mlangoni. Ogion alikifukuza na kumkanya. Kosa dogo lilikuwa limeshatangulia. Kosa kubwa la Roke linauma zaidi kwa sababu hiyo.

Kisha amua nani anaumia. Ikiwa mhusika peke yake ndiye anayeumia, kosa litaonekana kama ajali ya kazini. Akiumia mtu mwingine, hasa aliyejitolea kumwokoa, mhusika atatembea na deni hilo hadi ukurasa wa mwisho. Acha alama ya kudumu mwilini: Ged anabaki na makovu usoni, na kila anayemwona anaiona historia yake kabla hajafungua kinywa.

*Kosa la kawaida:* kumsamehe mhusika haraka. Wenzake wakimwambia siku hiyohiyo kwamba halikuwa kosa lake, hatua inayofuata haitakuwa na kazi.

Hatua ya 5: Kugeuka

Baada ya kosa, mtu hukimbia. Ged anakikimbia kivuli kutoka kisiwa hadi kisiwa, mpaka anajigeuza kipanga na kuruka akiwa karibu kusahau kwamba ni binadamu. Anatua kwa Ogion, na mwalimu wake anamshauri ageuke: anayewindwa awe mwindaji. Safari inayofuata inafika mbali baharini, rafiki yake Estarriol akiwa chomboni pamoja naye. Huko anakutana na kivuli na kukiita kwa jina lake yeye mwenyewe, Ged. Hakishindi kwa nguvu. Anakubali kwamba ni chake.

Panga hatua hii kwa mfuatano huu:

1. Kukimbia. Onyesha anavyotumia nguvu zake kujificha: dawa ya kusahau, sura ya kuazima, kazi ya mbali.
2. Kuchoka. Nguvu zinapungua au zinakataa kumtii.
3. Kugeuka. Mtu mmoja anamwambia ukweli kwa maneno machache.
4. Kukiri. Iwe tendo linaloonekana: kutaja jina, kurudi kwa jamaa wa aliyeumia, kukabidhi tunguri.
5. Shahidi. Awepo rafiki anayeona. Toba bila shahidi inabaki wazo kichwani mwa mhusika.

Kwa mhusika aliye kiti, kugeuka huja kwa sura ya shaka. Mfano mkubwa katika fasihi ya Kiswahili ni *Kinjekitile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjekitile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe. Alisemekana kupandwa na roho wa Hongo na kugawa maji yaliyoaminiwa kuwa yangewakinga watu na risasi za Wajerumani. Masimulizi yanasema alizama mtoni, akatoka akiwa mkavu. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, naye alinyongwa mwezi uliofuata.

Hussein anamchukua mtu huyo na kumtia mashaka: maneno niliyoyatamka ni ya roho au ni yangu? Maji yamewaunganisha watu waliokuwa wametengana, lakini watu haohao wanataka kuingia vitani kabla hawajawa tayari. Mwandishi chipukizi asome jinsi shaka ile inavyomkuza nabii kuliko muujiza wowote.

Hatua ya 6: Kubeba wengine na kuachia

Hatua ya mwisho haina uhusiano na kiwango cha juu cha nguvu. Mhusika anazitumia kwa ajili ya wengine, na yuko tayari zimwishie.

Katika *The Farthest Shore* (1972), Ged, ambaye sasa ndiye mkuu wa waganga wote, anaitumia nguvu yake yote kuufunga mlango uliofunguliwa kati ya walio hai na wafu. Inamwishia kabisa. Le Guin hakuishia hapo. Mwaka 1990 alitoa *Tehanu*, ambamo Ged yuko tena Gont, hana uganga wowote, na anajifunza upya kuwa mtu wa kawaida kwa kuchunga mbuzi na kukaa na mwanamke aitwaye Tenar. Miaka 18 ilipita kati ya vitabu hivyo viwili, na mwandishi alithubutu kuuliza swali ambalo hadithi nyingi hulikwepa: mganga asiye na uganga ni nani?

Kinjekitile wa jukwaani yuko gerezani mwishoni. Anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Hana jeshi wala muujiza uliobaki, na anakataa, kwa kuwa kukiri hivyo kungeufanya umoja wa watu nao uonekane uongo. Hiyo ni hatua ya sita iliyokamilika: nguvu imekwisha, wajibu umebaki.

*Kosa la kawaida:* kumrudishia mhusika nguvu zake katika sura ya mwisho kama zawadi ya wema wake.

| KISANDUKU CHA 2: TAHADHARI KUHUSU WATU HALISI |
|---|
| Nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, jambo linaloweza kuletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wasio na leseni, katika juhudi za kuzima mauaji hayo. Kwa hiyo: |
| • Usimtambulishe mchawi mbaya kwa uzee, macho mekundu, upweke, ulemavu au rangi ya ngozi. |
| • Usimfanye mtu mwenye ualbino kuwa hirizi au chombo cha nguvu. Sunny wa Okorafor ana ualbino, naye ndiye anayetenda, anayekosea na anayechagua. |
| • Ukiandika ramli chonganishi, onyesha madhara yake kwa anayetajwa. |
| • Tofautisha mganga na mchawi kwa matendo, kama wanavyofanya watu wenyewe. |

Zoezi: karatasi moja kabla ya kuandika

Chukua karatasi na uipige mstari katikati, kutoka juu hadi chini.

1. Upande wa kushoto andika namba 1 hadi 6, na mbele ya kila namba taja jambo moja jipya ambalo mhusika anaweza kulifanya.
2. Upande wa kulia, kwenye namba hizohizo, andika jambo moja ambalo mhusika hawezi bado kulivumilia: kudharauliwa, kusubiri, kuaibika, kumkosa mtu, kusahauliwa.
3. Tafuta namba ambayo pengo kati ya pande hizo mbili ni kubwa zaidi. Hapo ndipo pa kuweka kosa.
4. Kwenye namba 6 upande wa kushoto, futa nguvu uliyoandika. Andika anachokiachia.
5. Andika sentensi moja kwa kila namba inayotaja nani mwingine analipa bei.
6. Ukikuta namba mbili zinazofanana upande wa kulia, ziunganishe. Mhusika hakukua kati yake.

Orodha ya ukaguzi wa rasimu

☐ Mipaka ya nguvu imeonekana kabla ya nusu ya kwanza kwisha.
☐ Kila nguvu mpya imekuja na deni linalotajwa kwa mtu au kitu, si kwa maneno ya jumla.
☐ Mwalimu amekataa kufanya jambo analoliweza.
☐ Onyo dogo limetangulia kosa kubwa.
☐ Aliyeumizwa na kosa ana jina, jamaa na angalau tukio moja lake mwenyewe.
☐ Kukiri ni tendo, na kuna shahidi.
☐ Hatua moja angalau imemrudisha mhusika nyuma.
☐ Hakuna mtu aliyetambulishwa kuwa mwovu kwa umbo lake.
☐ Tatizo la mwisho limetatuliwa kwa uamuzi ambao mhusika wa hatua ya 1 asingeweza kuufanya, hata kama angekuwa na nguvu zilezile.

Baada ya kuweka alama, fanya jaribio la mwisho. Tengeneza nakala ya rasimu ambayo umefuta ndani yake kila tendo la ajabu: ukungu, vivuli, ramli, kupandwa. Mpe msomaji unayemwamini, kisha mwombe akuonyeshe kurasa ambazo mhusika alibadilika. Akizipata tano au sita, hatua zako zinasimama. Akipata moja au mbili, rudi kwenye upande wa kulia wa karatasi yako na uanzie hatua ya nne.